Utumbo wa Kifaransa: namna ya kupika wa Caen, wa Lyon na wa Marseille jikoni kwako

Watu wakisikia chakula cha Kifaransa wanawaza sahani kubwa nyeupe, katikati kipande cha nyama kidogo na majani mawili juu, ukimaliza unatafuta chipsi njiani. Kumbe hao jamaa kwenye utumbo hawana utani kabisa. Normandy wana wa kwao, Lyon wana wa kwao, Marseille wana wa kwao, milimani kule Auvergne wanaula jumapili asubuhi, na kila mwezi wa 11 nchi nzima kunakuwa na kampeni ya nyama za ndani. Ntaelekeza ile ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipika, na wa Caen ntakaa nao muda mrefu zaidi maana ukishauelewa huo, hiyo mingine inakuja yenyewe.

Jambo la kulijua kabla hujaenda buchani: sisi utumbo tunapambana nao kwa viungo, tangawizi, saumu, nyanya, binzari, pilipili, mradi ile harufu ikae mbali. Kule viungo ni vichache mno, harufu wanamalizana nayo kwenye kuosha alafu utamu wanautafuta kwenye masaa na kwenye chungu kilichozibwa. Kwaiyo ukiosha kwa haraka haraka ukitegemea masala yatakuokoa, hapa hakuna masala ya kukuokoa, utakula ulichokiosha.

Basi tuanze na kuosha. Kama uko Ufaransa mwenyewe hii hatua inakuhusu kidogo tu, maana kule utumbo unauzwa kwa tripier, yani muuza nyama za ndani peke yake, ana meza yake sokoni, na anakuuzia mweupe umeshakwanguliwa na mara nyingi umeshachemshwa nusu. Ukiuliza atakwambia umeshapikwa kiasi gani, na lazima uulize, sababu masaa ya chini huko nimeyaweka kwa utumbo mbichi, ulioiva nusu unapunguza karibu theluthi moja. Sisi wa Buguruni na Kariakoo na Gikomba tunapewa kitu kizima na rangi yake ya majani. Suuza kwanza kwa maji ya bomba mengi mpaka yatoke masafi, geuza kila kona, hasa lile tumbo lenye kurasa kurasa watu wanaloliita kitabu, fungua ukurasa mmoja mmoja maana mchanga na nyasi vinajificha humo na mtu akiuma mchanga mezani hamna calvados, ile pombe kali ya tufaha, itakayomtuliza. Alafu chemsha maji, yakianza kutoa vibubujiko pembeni epua, yasichemke kabisa, tumbukiza kipande dakika moja mbili, toa, kwangua kwa kisu butu. Ile ngozi nyeusi inatoka yenyewe kama maji yalikuwa sawa. Maji yakiwa yanachemka kwelikweli ngozi inajishika na hapo utakwangua mpaka alasiri. Ikishatoka yote sugua kwa chumvi na ndimu, suuza tena.

Bado hujamaliza. Weka utumbo kwenye sufuria, maji ya baridi, chumvi kidogo, bandika, ukichemka acha dakika 15 hadi 20 huku unaengua povu, mwaga maji yote, suuza. Watu wengi hayo maji wanayaacha yawe supu, kwenye supu ya utumbo ya kwetu sawa, lakini hapa mwaga. Utumbo ukiunusa sasa hivi utakuta unanukia nyama tu basi.

Sasa Caen. Huu ni mji wa Normandy, kaskazini magharibi, nchi ya tufaha na maziwa, na utumbo wao unaitwa tripes à la mode de Caen. Inasimuliwa kwamba aliyeutengeneza ni mtawa mmoja anaitwa Sidoine Benoît, karne ya 14, kwenye abasia ya wanaume pale Caen, ile iliyojengwa na William Mshindi yule aliyeivamia Uingereza 1066 na ndipo alipozikwa. Habari ya mtawa mi naichukulia kama hadithi nzuri ya mezani, lakini mantiki ya chakula chenyewe iko wazi ukiangalia mazingira: wana ng'ombe wengi, hawana zabibu kwaiyo badala ya mvinyo wanatumia saida, yani pombe nyepesi ya tufaha, na kila mtaa ulikuwa na mwoka mikate mwenye tanuri linalobaki na joto usiku kucha baada ya mikate kutoka. Mtu anapeleka chungu chake jioni, anakifuata asubuhi. Hamna aliyekaa anachochea.

Chungu chenyewe kinaitwa tripière, cha udongo, kipana na kifupi, mdomo mdogo sana. Mdomo umefanywa mdogo makusudi ili mvuke usitoke. Wewe huna, na huhitaji, tafuta sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko unaokaa vizuri, au chungu kikubwa cha udongo kilichozoea moto.

Ng'ombe ana matumbo manne na Caen wanataka yote manne, hapa ndo wengi wanapokosea wanachukua taulo peke yake. Taulo, lile kubwa la kwanza, linakupa nyama. La pili lenye vyumba vyumba kama sega la nyuki linabeba mchuzi ndani ya vile vyumba. Kitabu kinakupa kitu cha kutafuna. La nne ni laini, lina utelezi na mafuta, linayeyuka kidogo na kuupa mchuzi uzito (kwa ndama ndo linakotoka kile kimeng'enya cha kugandishia jibini, na Normandy ndo kwao jibini la camembert, kwaiyo hawalitupi ovyo). Mwambie muuzaji akuchanganyie, bei ni ileile tu. Alafu muhimu kuliko yote chukua kongoro moja la ng'ombe limepasuliwa katikati na kukatwa vipande. Bila kongoro unapika supu. Kongoro ndo linalofanya mchuzi ushike midomo, ukipoa ugande wote.

Kwa watu wanane hivi: utumbo mchanganyiko kilo 2 baada ya kuosha, kata vipande vya kama sentimita 5, usikate vidogo maana vinasinyaa. Kongoro moja. Karoti nusu kilo kata vipande vinene, vitunguu maji nusu kilo, kimoja kati ya hivyo kiache kizima ukichomeke karafuu nne. Liki mbili kama unapata, ile sehemu nyeupe na kijani kidogo, kama hupati ongeza kitunguu. Saumu punje nne. Kifungu cha majani umefunga kwa uzi: taimu, majani ya bei yale makavu ya kwenye pilau, na vikonyo vya pasli. Chumvi vijiko vya chai vitatu, pilipili manga ya kutwanga nusu kijiko. Saida kavu ya tufaha lita 1, isiwe ile tamu. Na mwisho calvados, pombe kali inayotengenezwa kwa kuivukiza hiyo hiyo saida, jina lake linalindwa kisheria tangu 1942, unahitaji kama nusu kikombe cha chai.

Karafuu nne zisikushangaze kuwa chache, zaidi ya hapo chungu chote kitanuka dawa ya meno. Na kwa kuwa tumezitaja, msije mkadhani hizi ni mambo yetu tu wameazima, Mfaransa anaitwa Pierre Poivre ndo aliyepanga mpango wa kuitorosha miche ya karafuu kutoka visiwa vya Maluku ambako Waholanzi walikuwa wanailinda kama dhahabu, ikafika Mauritius 1770, na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndo ikaja kufika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kwaiyo hapo tuko sare.

Kupanga. Chini kabisa weka nusu ya karoti na vitunguu, juu yake vipande vya kongoro ngozi ikitazama chini, alafu utumbo, unyunyuzie chumvi na pilipili manga, tena mboga, kile kifungu cha majani na kitunguu chenye karafuu vizamishe katikati kabisa, malizia na utumbo. Juu kabisa watu wa kule wanaweka vipande vya mafuta ya ng'ombe yale yanayozunguka figo, bapa bapa, kazi yake ni kuufunika utumbo wa juu usikauke wala kubadilika kuwa mweusi. Weka gramu 150 hivi, utayaengua baadaye. Mimina saida na calvados, kama havijafunika ongeza maji mpaka yafike usawa wa utumbo, yasizidi. Usikaange kitu chochote kabla. Najua mkono unawasha kukaanga kitunguu kwanza, uzuie. Utumbo wa Caen ni mweupe wa dhahabu, ukikaanga unapata rosti ya kahawia ambayo ni tamu lakini ni kitu kingine.

Kuziba: unga wa ngano vikombe viwili, maji kiasi cha kutosha kupata donge gumu kidogo, usitie chumvi wala mafuta. Lisukume kwa viganja liwe kama uzi mnene wa kuzunguka mdomo wote wa sufuria, lowesha ukingo kwa maji, libandike, gandamiza mfuniko juu mpaka donge litokeze pembeni, alafu pitisha kidole chenye maji kuziba nyufa. Kama mfuniko una katundu ka kutolea mvuke, kabandike kipande cha unga pia. Hapo ukisubiri dakika tano kumi kwenye jiko utasikia inaanza kuunguruma ndani, na usipoona mvuke pembeni umeweza. Ukiona unatoka sehemu bandika kipande kingine, sio kesi.

Bandika kwanza kwenye moto wa kawaida mpaka uisikie inachemka ndani, alafu hamishia kwenye oveni nyuzi 120 hadi 130. Acha masaa 9 mpaka 10. Wapo wanaokwenda 12. Ndiyo, masaa, na hutakiwi kufungua kuonja, ndo maana chumvi tumeipima mwanzoni. Wengi wanaiweka saa 4 usiku wanaamka nayo, ni njia nzuri tu ukiwa na oveni unayoiamini, kama oveni yako ina wazimu wa kupandisha moto yenyewe ipike mchana ukiwa nyumbani.

Kwa nini moto mdogo hivo? Utumbo na kongoro vimejaa nyuzi ngumu ambazo zinageuka jeli taratibu kwenye joto la chini kidogo ya kuchemka. Ukichemsha kwa fujo mafuta yanavurugika na mchuzi, unapata supu ya rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na vipande vinachanika nje huku ndani bado vinavutika. Moto mdogo mchuzi unabaki mwangavu na mafuta yanakaa juu peke yake.

Ukifika muda gonga donge kwa nyuma ya kisu, limekuwa gumu kama tofali, linapasuka, ng'oa vipande vyote kabla ya kuinua mfuniko visidondokee ndani. Inua ukiwa umeweka uso mbali. Engua mafuta ya juu kwa upawa, yote, usiyaonee huruma. Toa kifungu cha majani, kile kitunguu chenye karafuu, na mifupa ya kongoro, nyama yake ya utelezi ikate kate irudishe. Chota mchuzi kidogo kwenye sahani uweke mahali pa baridi, dakika chache ukiinamisha sahani hautiririki. Ukitiririka, chuja mchuzi wote uuchemshe peke yake upungue kidogo, urudishe. Onja chumvi sasa. Wapo wanaoongeza kijiko cha calvados mwishoni, mi naona inatosha ile ya mwanzo.

Mezani ni viazi mviringo vya kuchemsha basi, mkate na saida baridi. Na sahani ziwe za moto, hili sio nakshi, jeli na mafuta ya ng'ombe vinaganda haraka sana, ukipakua kwenye sahani baridi mgeni akipiga stori mbili anakuta midomo imeshikana. Kule mahotelini ya zamani waliupeleka mezani juu ya kajiko kadogo. Kwangu ntaongeza ugali bila aibu, mchuzi ule na ugali ni kitu kimoja.

Kwa ambao hawatumii kilevi, na najua ni nusu ya mnaosoma, msidanganywe na wanaosema pombe yote inaisha ikipikwa, haiishi yote, na hapa tena tumeziba mfuniko. Fanya hivi: juisi ya tufaha isiyoongezwa sukari nusu lita, maji nusu lita, siki ya tufaha vijiko vya chakula vitatu. Juisi peke yake lita nzima inakuwa tamu mno ukichanganya na karoti, kwaiyo nusu tu. Siki ndo inaleta ule ukali wa saida na inakata mafuta. Sio uleule, ila unakaribia sana na mtu ambaye hajafika Caen hana cha kukuuliza.

Huna oveni? Jiko la mkaa linaweza, na kwa maoni yangu liko karibu zaidi na tanuri la mwoka mikate kuliko oveni ya umeme. Ukishachemka, punguza makaa yabaki machache yenye jivu juu, na mfuniko upalie makaa kama unavyopalia wali. Kila baada ya saa moja na nusu angalia, ongeza makaa mawili matatu, ukisikia unachemka kwa kelele ondoa. Presha kuka ntasema ukweli, utumbo utalainika ndani ya saa moja na utakula vizuri, lakini mchuzi wake unakuwa wa ukungu na mboga zinakuwa uji. Ukiwa na njaa pika, ila usiuite wa Caen.

Tukitoka hapo twende Lyon, huko mambo yamegeuka, utumbo unakaangwa. Lyon ulikuwa mji wa wafuma hariri, watu wa kuamka usiku na kufikia asubuhi saa tatu wana njaa ya kufa, wakawa na mlo wao wa asubuhi unaitwa mâchon, nyama za ndani na mvinyo, asubuhi asubuhi. Ukiona watu wamepanga foleni ya supu na chapati Dar saa mbili asubuhi utawaelewa hawa wa Lyon haraka. Vile vimigahawa vyao vidogo vinaitwa bouchon na humo ndo unakuta tablier de sapeur, yani eproni ya askari wa uhandisi, wale waliokuwa wanavaa eproni za ngozi. Inasemekana jina lililetwa na Marshal de Castellane, gavana wa kijeshi wa Lyon wakati wa Napoleon III, aliyekuwa anaupenda sana.

Unachukua lile tumbo la vyumba vyumba tu, kipande kizima. Chemsha taratibu kwenye maji yenye karoti, kitunguu, majani ya bei na chumvi, masaa manne matano mpaka uma uingie bila kusukuma. Lisiive likapitiliza maana bado utalikaanga. Poza, kata vipande vikubwa vya pembe tatu, ukubwa wa kiganja. Loweka masaa matatu manne au usiku mzima kwenye mvinyo mweupe glasi moja, kijiko kikubwa cha haradali, maji ya limao moja, mafuta kidogo, chumvi na pilipili manga, na kwa asiyetumia mvinyo weka limao mbili na maji. Toa, futa kwa kitambaa pande zote mpaka pakauke, hili ndo la msingi kuliko marinedi yenyewe, utumbo wenye maji ukiingia kwenye mafuta utaruka jikoni kama risasi na ganda halitashika. Pitisha kwenye unga, alafu yai lililopigwa, alafu chenga za mkate mkavu, gandamiza kwa kiganja. Kaanga kwenye siagi iliyochanganywa na mafuta, moto wa wastani, dakika nne kila upande, iwe ya dhahabu na ukigonga kwa uma iwe na sauti.

Inaliwa na sosi gribiche, rahisi mno: mayai matatu ya kuchemsha magumu, ponda viini na kijiko cha haradali na siki kijiko kimoja, mimina mafuta taratibu ukikoroga mpaka ianze kuwa nzito kama mayonezi, alafu tia matango madogo ya siki yaliyokatwa kate, kepa (vile vitumba vya maua vya siki) kama zipo, pasli, na ule weupe wa mayai umekatwa vipande vidogo. Watoto ambao hawagusi utumbo wanakula hii, hawajui ni nini, na usiwaambie mapema.

Ya pili ya Lyon ni gras-double à la lyonnaise na hii ndo ya siku za kazi. Utumbo uliokwisha iva, taulo, kata mikanda myembamba kama kidole. Kikaango kiwe cha moto sana, mafuta, tandaza mikanda usiirundike, iache ishike rangi. Kwenye kikaango kingine kaanga vitunguu vingi, yani uzito wa vitunguu uwe nusu ya uzito wa utumbo, moto mdogo mpaka viwe vya rangi ya asali. Changanya, pilipili manga, na mwisho kabisa ongeza moto umwagie vijiko viwili vya siki, itapiga kelele na mvuke utakutoa machozi, geuza mara mbili, pasli, epua. Siki ukiisahau hicho chakula hakina maana. Kama una utumbo uliochemshwa kwenye friji hii ni robo saa imeisha.

Marseille sasa, kusini baharini, huko ni kondoo na wanaita pieds et paquets, miguu na vifurushi. Mji wa Sisteron nao unajivunia hiyo hiyo. Tumbo la kondoo lililooshwa na kukwanguliwa kata miraba ya kama sentimita 10. Ndani wanaweka nyama ya nguruwe ya chumvi iliyokatwa vidogo vidogo, saumu na pasli nyingi, ambaye hali nguruwe atumie nyama ya kondoo yenye mafuta kidogo aliyoitia chumvi tangu jana yake, inakubali vizuri tu. Ufundi uko kwenye kufunga bila uzi: kwenye kona moja ya mraba toboa katundu kadogo kwa ncha ya kisu, usawa wa tundu la kifungo cha shati. Weka kijiko cha nyama katikati, kunja pande mbili ziingie ndani, viringisha kuelekea kwenye ile kona yenye tundu, alafu ile ncha ya upande mwingine ipitishe kwenye tundu uivute. Kifurushi kimejifunga. Viwili vya kwanza vitakufumukia, cha tatu mkono unakuwa umeshajua. Usijaze, tumbo linasinyaa likiiva na nyama inatutumka, likijaa linapasuka.

Chunguni kaanga kitunguu, liki na karoti kwa mafuta ya zeituni, huku inaruhusiwa, tia nyanya nusu kilo zilizomenywa, saumu, kifungu cha majani, kipande cha ganda la chungwa, miguu ya kondoo iliyochomwa manyoya na kupasuliwa ikae chini, vifurushi juu yake vimepangwa vibanane, mvinyo mweupe nusu lita na supu ya nyama mpaka vifunike. Wasiotumia mvinyo supu peke yake na siki kijiko kimoja. Funika, ziba kama ulivyoziba wa Caen, masaa saba. Mchuzi unatoka mwekundu, mzito, unang'aa. Mtu wa Tanga au Mombasa huu ndo atauelewa kwa haraka kuliko yote, una nyanya, una kitu cha kuchovya mkate.

Auvergne, katikati ya nchi milimani, wana vifurushi vyao pia vinaitwa tripoux, ila hivi vinashonwa au kufungwa kwa uzi, ndani kuna miguu ya kondoo, paja la nguruwe la chumvi na ile fraise, utandu wa matumbo ya ndama, ambao Ufaransa ulipigwa marufuku mwaka 2000 kipindi cha hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ukarudishwa 2015. Hakuna nyanya huko, mvinyo mweupe na mboga tu, usiku kucha, na vinaliwa asubuhi. Na hukohuko Normandy kuna mji mdogo wa La Ferté-Macé ambao hawataki kuitwa Caen, wao wanakunja utumbo vifurushi wanachomeka kijiti cha mti kisha ndo unaingia chunguni. Ukipenda kula kwa kuhesabu, hiyo ndo yako.

Kuhusu kubaki: usipike kidogo, haina faida kuwasha moto masaa kumi kwa kilo moja. Wa Caen na wa Marseille ukilala kwenye friji unakuwa mtamu zaidi, na mafuta yaliyobaki yanaganda juu unayatoa kwa kijiko yote. Gawa kwenye vyombo mchuzi ukiwa umefunika nyama, friji siku tatu, friza miezi miwili mitatu. Kupasha ni moto mdogo, usiongeze maji hata ukiona umeganda kama jiwe, utayeyuka wenyewe, na ukianza tu kutoa vibubujiko subiri dakika 10 upakue. Tablier iliyokwisha kaangwa haipashwi vizuri, vipande visivyokaangwa ndo vya kuhifadhi, unapaka chenga siku unayokula.